Nukta ya Rangi ya Kucha

Bohari ya Vipuri, 4 Machi

Shemeji yangu Mama Kanda,

Kabla hujafungua bahasha ya kahawia iliyo chini ya barua hii, keti. Najua wewe si mtu wa kuketi ukiambiwa, lakini leo jifanye mtiifu.

Umeketi? Haya. Hilo ni tangazo rasmi la kampuni. Limeandikwa kwa lugha ya watu wenye tai, nami nimeamriwa kulitia sahihi kama fundi wa upande wenu, kwa hiyo usione sahihi yangu pale chini ukadhani nimepanda cheo. Maana yake kwa maneno ya nyumbani ni kwamba mashine za aina yenu, za kuhifadhia rekodi kwenye kanda, zimestaafishwa. Mwisho wa huduma ni tarehe thelathini na moja Mei. Baada ya hapo hakuna fundi, hakuna kipuri, hakuna wa kumlalamikia. Mashine za zamani zinarudishwa huku bohari zisagwe, na hospitali inapewa mpya. Lililo baya ni kwamba hizo mpya hazisomi kanda zenu hata kwa kubembelezwa. Chochote kilicho kwenye rafu zako unachotaka kibaki duniani, kitoe kwenye kanda kabla ya siku hiyo.

Na kisanduku cha vipuri kinachotubebea barua hizi miaka yote, nacho kinakwisha. Sijui tutafanyaje. Simu ililia nyumbani kwenu siku ile ikaleta habari ya kifo cha kaka, na tangu hapo Mama hataki simu mlangoni mwake, na wewe mkwewe ukamfuata. Itabidi nijifunze kufuga njiwa.

Nitakuja tarehe kumi na saba kwa matengenezo ya mwisho. Nitakuachia zawadi ambayo hutaiona kwa macho. Usiulize.

Mama hajambo? Barua iliyopita uliandika "anakula vizuri" mara tatu, nikajua kuna mlafi unayemtetea.

Shemeji yako,
Bisibisi


Chumba cha Kanda, 9 Machi

Bisibisi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, ili ujue.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini naona kampuni yenu imevunja koleo, ikamfukuza mhunzi na moto ikaumwagia maji. Nina kanda mia nne na kumi na mbili humu. Unajua zilivyofika kuwa za pekee. Bomba la dobi lililopasuka juu ya stoo ya mafaili liligeuza karatasi zote uji, na kompyuta ya zamani ya idara ya mionzi ilizimika miaka sita iliyopita, haikuamka. Kila mgonjwa aliyechomwa mionzi kabla ya hapo, alipata dozi gani, upande gani wa mwili, siku ngapi, yumo kwenye kanda zangu tu. Akirudi leo akiwa na maradhi yale yale, daktari hushuka ngazi hadi kwangu kabla ya kumgusa. Mkuu wa Kompyuta hajawahi kushuka. Yeye hutuma karatasi.

Nikifanya kazi kila siku bila kupumzika nitazimaliza katikati ya Mei, mashine ikikubali. Inanguruma siku hizi kama inayoota ndoto mbaya.

Njoo tarehe hiyo, nitakuwepo nikusimamie. Nakufahamu, ukiachwa peke yako na bisibisi mkononi hutulii.

Mama hajambo. Kikohozi kidogo tu, cha vumbi. Anakusalimu na anauliza kama umeshanunua viatu vingine au bado unavaa vile vinavyocheka mbele.

Mama Kanda


Bohari ya Vipuri, 19 Machi

Shemeji mtoro,

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wasemavyo wakubwa, lakini mimi nina huruma, lako nimeliacha mahali pake.

Nimefika nikakuta kiti kitupu. Mlinzi akanifungulia, akasema umeomba ruhusa ya siku nzima. Wewe, ruhusa? Nikamaliza kazi nikapita nyumbani, mlango umefungwa. Jirani akasema mmetoka asubuhi wewe na Mama mmevaa vizuri. Nikajua ni harusi, na mmenificha ili nisije nikala. Nilikaa kwenye ngazi yenu karibu saa nzima na viatu vyangu vinavyocheka, kisha gari la kampuni likaniita. Sijamwona Mama tangu mwaka jana, na ninyi mko harusini.

Fomu imeandikwa "usafi tu" kama utakavyoona. Lakini mashine sasa iko kama ilivyotoka kiwandani. Iwashe uisikilize. Hiyo ndiyo zawadi.

Niletee habari za pilau yenu.

Bisibisi


Chumba cha Kanda, 27 Machi

Bisibisi,

Utusamehe kwa ngazi. Ilikuwa harusi, ndiyo, ya watu usiowajua, na pilau lilikuwa limeungua.

Sasa la maana. Mashine haingurumi tena. Nikiiandikia kanda mpya inaandika, na ikiandika inasoma, taa ya kijani tupu. Lakini kanda zangu imezikataa. Nimeitia namba 147, taa ya njano. Nimeitoa nikaifuta nikairudisha, njano. Mara sita. Nikajaribu 148, 160, 203, 390 ambayo niliandika mwenyewe mwaka jana. Zote njano. Nimefika mahali pa kuogopa kutia nyingine. Ulitumia dawa gani kusafishia? Na zaidi ya usafi uligusa nini? Niambie tu, sitakuuma.

Ndani ya kisanduku nimeweka 147 na 148, nimezifunga kwa kanga yangu ya kichwani. Huko bohari mna mashine nyingine za aina hii. Zisome. Zaidi ni hiyo 147. Kuna mgonjwa, mwanamke aliyepita makamo kidogo, amerudi baada ya miaka saba. Daktari wa mionzi anataka kumwanzishia mionzi tarehe ishirini na nane Aprili na hawezi kungoja zaidi. Asipopata rekodi atakisia.

Usiiweke karibu na redio yako, sumaku yake hufuta kanda, nakuomba.

Mama Kanda


Bohari ya Vipuri, 1 Aprili

Shemeji,

Nimezijaribu kwenye mashine tatu, nzima zote, nilizifungua mwenyewe. Hakuna kitu. Mashine inaziona kama kanda ambazo hazijawahi kuandikwa. Pole sana. Kanda zimekufa, na kwa umri wake hazikufa mapema. Unyevu wa dobi juu ya kichwa chenu miaka yote, ungetegemea nini? Sikugusa kingine. Usafi tu.

Kuhusu mgonjwa wako, usijibebeshe dunia. Mtu wa miaka saba iliyopita, na kwa umri huo unaousema kwa adabu, si ajabu kanda na mwenye kanda wanaagana pamoja. Daktari akisie, ndiyo kazi yao.

Jambo jingine baya. Bosi amekodi mashine ya kusagia na anataka kuikamilishia mzigo. Yenu imepangwa kuchukuliwa tarehe thelathini mwezi huu, siyo tena Mei. Nimebishana naye kidogo, hakunisikia.

Nakurudishia kanga, nimeifua. Mama amepona kikohozi?

Bisibisi


Chumba cha Kanda, 5 Aprili

Mgonjwa huyo ni mama yako.

Nimeandika sentensi hiyo nikaiacha mezani, nikaenda kupanga upya rafu ambayo haikuhitaji kupangwa. Sasa nimerudi na bado ipo.

Uvimbe umerudi shingoni, pembeni kidogo ya pale pa zamani. Tarehe kumi na saba hatukuwa harusini. Tulikuwa hospitali ya rufaa kwa kipimo, na alivaa vizuri kwa sababu alisema hawezi kupigwa picha ya ndani akiwa na nguo ya jikoni. Wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi yetu na sisi tulikuwa tumekaa kwenye benchi lao. Alinikataza nisikuambie. Alisema ukijua utaacha kazi uje ukae kitini umtazame, na yeye hataki kutazamwa. Nikamwahidi. Sijawahi kuvunja ahadi niliyompa mama mkwe wangu mpaka leo hii, na nikifika nyumbani sijui nitayaweka wapi macho yangu.

Daktari amenieleza hivi. Uti wa mgongo una kiasi chake cha mionzi unachoweza kubeba maisha yote, na ulichopokea haurudishi. Ukipitishwa hapo unakufa taratibu, na miguu inakufa nao. Kwa hiyo lazima ajue mwaka ule ulibeba kiasi gani. Asipojua, atakadiria kwa jinsi walivyokuwa wakifanya zamani. Mama amekubali. Kasema hata fundi cherehani hukisia na nguo ikakaa. Mimi sijakubali.

Na wewe umeniandikia kwamba kanda na mwenye kanda wanaagana pamoja. Sikulaumu kwa usilolijua. Ninakulaumu kwa kuandika hivyo juu ya mama wa mtu yeyote.

Kila Januari huwa nasoma mwanzo wa kila kanda kuona kama iko hai. 147 ilikuwa hai. Kanda hazifi zote wiki moja, tena wiki ile ile aliyopita fundi. Sasa jiulize upya swali nililokuuliza.

Mke wa kaka yako


Bohari ya Vipuri, 8 Aprili

Shemeji,

Nimeisoma nikiwa katikati ya rafu za mikanda na injini, nikakaa juu ya kreti. Mwenzangu akaniuliza nani amekufa, nikasema hakuna bado, kisha nikatamani kulirudisha lile neno "bado" mdomoni.

Nilikudanganya. Sikufanya usafi tu. Ndani ya mashine kuna kichwa kinachogusa kanda, na skrubu ndogo inayokiinamisha huku au kule. Kwa miaka mingi nilijua kichwa chenu kimekaa vibaya kidogo, lakini kilikuwa kinasoma, nikakiacha. Siku ile nilipima nikaona kimepinda kuliko nilivyodhani. Nikasema hawa tunawatupa, acha niwanyooshee mashine iishi miaka kumi bila mimi. Nikakirudisha kwenye kipimo cha kiwanda. Tangu Februari tumekatazwa kurekebisha mashine za zamani kwa mkono, ndiyo sababu fomu ikasema usafi, na ndiyo sababu nikakujibu vile ulipouliza. Niliogopa kazi yangu. Nimeandika kwa mkono huu huu kwamba daktari akisie.

Sasa nisaidie kuelewa. Kanda iliyoandikwa na kichwa kilichopinda husomwa na kichwa kilichopinda vile vile, hakuna kingine. Ni kama mlango na fremu yake vilivyopinda pamoja miaka nenda rudi, vinafungana bila shida. Akija fundi mjuaji akaunyoosha mlango peke yake, haufungi tena. Mimi ndiye huyo mjuaji. Lakini kichwa hakipindi chenyewe kiasi kile, hata kikitikiswa. Kuna mtu alikigeuza. Unamjua?

Nilitaka kupiga simu ya hospitali, lakini inapita kwa Mkuu wa Kompyuta, na haya si maneno ya kupita kwake.

Naogopa, shemeji. Sijaogopa hivi tangu ile simu ya kaka.

Bisibisi


Chumba cha Kanda, 11 Aprili

Bisibisi,

Ni mimi.

Ulikuwa mwezi ule tuliomzika kaka yako, sasa miaka minane. Nilirudi kazini siku ya nane kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu na kila mmoja alitaka nile. Nikakuta mashine ina taa ya njano kwa kila kanda. Nikaandikia kampuni. Wakanijibu kwamba fundi wa eneo hili yuko msibani, ningoje. Nikacheka peke yangu humu kama mwendawazimu, maana fundi huyo ni wewe na msiba huo ni wangu. Mkuu wa Kompyuta akatuma karatasi kwamba kila siku isiyo na nakala ya akiba itaandikwa chini ya jina langu. Basi nikafungua kifuniko. Nikachukua kisu cha matunda kutoka mkobani, nikaigeuza ile skrubu kidogo kidogo mpaka taa ikawa kijani kwa kanda mpya niliyoitia. Ilifika robo ya mzunguko. Mkobani pia mlikuwa na chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, ile marehemu aliyokuwa akiipenda. Nilikuwa nimeshaamua sitapaka tena. Nikaona itumike kwa kitu, nikatia nukta kuonyesha skrubu iliposimama.

Mkataba wenu unasema mteja akifungua kifuniko huduma inakatwa. Mwaka wa kwanza niliogopa kukuambia. Wa pili niliona haya. Baadaye nikasahau kwamba lilikuwa kosa, ikawa tu ndivyo mashine yetu ilivyo. Siku ile ya Machi ningekuwepo ningekuzuia mkono, na sikuwepo kwa sababu ya kukuficha jambo jingine.

Bado kuna baya zaidi. Kanda namba 1 hadi 96 ziliandikwa kabla ya kisu changu, na tangu wakati ule zilikuwa hazisomeki. Nilimwambia kila mtu zimezeeka. Nilijiambia hata mimi. Jana, baada ya barua yako, nikachukua namba 20 nikaitia. Imesoma neno kwa neno. Kumbe mimi nilizizika tisini na sita zikiwa hai, na wewe umezifufua huku ukizika mia tatu na kumi na sita. Tunavutana shuka moja, upande mmoja ukifunikwa mwingine unabaki wazi. Watu walikuja kuulizia rekodi za miaka ile, Bisibisi. Mmoja namkumbuka, mwenye kofia ya sufu. Nilimwambia kanda imekufa, akasema asante akapanda ngazi.

Nimefungua kifuniko kutafuta nukta yangu ili niirudishe skrubu pale. Hakuna nukta. Iko wapi?

Mama Kanda


Bohari ya Vipuri, 14 Aprili

Shemeji,

Nukta niliifuta mimi. Miaka yote nilidhani ni alama ya kiwanda. Safari hii spiriti ikaiyeyusha, kitambaa kikanuka kama saluni, nikajisemea kumbe ni uchafu. Na sikuhesabu niligeuza kiasi gani, nilifuata kipimo tu. Nimekaa hapa nafumba macho nijaribu kukumbuka mkono wangu, haukumbuki.

Lakini wako huenda unakumbuka. Kwa hiyo sikiliza. Usianze na 147, kila ikipita kichwani inachakaa, na ina mapito machache yaliyobaki. Chukua kanda isiyo na mwenyewe wa kuilia. Ulinieleza zamani kwamba 150 ina hesabu ya mashuka ya dobi. Hiyo. Geuza skrubu upande wa kushoto, unene wa unywele, tia kanda, tazama taa. Njano, toa, geuza unywele mwingine. Usirudi nyuma kwa hasira. Ukichoka, acha, maana mkono uliochoka hudanganya. Itakapotoa kijani kwa mashuka, ndipo umtie Mama.

Mkanda wa mpira unaozungusha mashine yenu hautastahimili majaribio mengi. Nimekuwekea humu mkanda wa mwisho uliokuwa bohari. Hauna fomu. Au tuseme una fomu, kwa sababu jana niliingia kwa bosi nikamwambia yote, skrubu, fomu ya uongo, Mama. Aliniandikia barua ya onyo mbele yangu, akaitia muhuri, akaniambia nyingine itakuwa ya kufukuzwa. Kisha akafuta tarehe thelathini kwenye ubao, akaandika thelathini na moja Mei. Sikumshukuru vizuri, nikatoka nimeibeba barua yangu.

Mimi siwezi kuja kabla ya mwisho wa mwezi, nimefungwa kwenye safari ya kukusanya mashine, na nikija Mama atajua umesema. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini ndiyo niliyonayo. Kama ataniulizia, mwambie nimenunua viatu. Ni kweli. Nilinunua siku niliyopata barua yako ya tarehe tano, sijui kwa nini, niliingia tu dukani.

Bisibisi


Chumba cha Kanda, 25 Aprili

Bisibisi,

Imesoma.

Nitakuambia kwa utaratibu, maana nikianza mwisho nitashindwa. Kisanduku chako kilifika tarehe kumi na sita. Nikaanza siku hiyo hiyo. Nilifunga mlango, nikamwambia mlinzi natoa vumbi. Siku tatu za kwanza njano tupu. Siku ya nne mkanda wa zamani ukakatika kwa mlio mdogo, nikaweka wako, nikajua sasa huo ndio wa mwisho duniani. Siku ya sita nilikuwa nimepita robo mzunguko kwa hesabu yangu na bado njano, nikadhani skrubu imekula nyuzi zake. Nikaketi chini sakafuni. Kisha nikakumbuka kwamba mwaka ule sikuigeuza nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimepiga magoti, kwa sababu miguu ilikuwa haina nguvu, na kisu kiliingia kikitokea chini. Nikatafuta kile kisu, bado ninacho. Nikapiga magoti. Siku ya tisa, yaani jana kabla ya chakula cha mchana, mashine ikanisomea mashuka mia tatu na arobaini, foronya mia mbili na kumi na mbili, moja imechanika. Sijawahi kufurahia foronya iliyochanika hivyo.

Nikatia 147. Kijani. Nikaandika kila namba kwa mkono, nikaisoma upya, nikaandika mara ya pili kwenye karatasi nyingine, ndipo nikaichapa. Nikapanda ngazi mwenyewe.

Daktari alisoma amesimama. Akavuta kiti, akasoma tena ameketi. Akavua miwani. Nikamuuliza kama zimetimia. Akasema zimetimia. Kisha akasema, "Mwaka ule walimpa hadi ukingoni. Uti wake hauna nafasi ya siku hata moja. Bila karatasi hii ningemwanzia Jumatatu, na kufikia mwisho wa mwaka asingekuwa na miguu." Nikauliza sasa itakuwaje. Akasema mionzi haiwezekani tena pale, na kisu cha upasuaji hakifiki. Kuna vidonge vya kuupunguza uvimbe mwendo. Alisema kupunguza, hakusema kuponya, na mimi nilimsikia vizuri, nilitamani nisimsikie.

Kwa hiyo ndicho tulichokipata, Bisibisi. Tumetafuta ile kanda kama watu wanaotafuta ufunguo, na ilipofunguka ikatuambia hapana. Nimelia kwenye ngazi ya idara ya mionzi na watu wakipita. Kisha nikashuka nikaendelea, kwa sababu zimebaki mia tatu na kumi na nne, na karibu kila moja ina mtu.

Chupa ya zamani ya rangi ilikuwa imekauka jiwe. Nimenunua nyingine. Sasa kwenye mashine kuna nukta mbili, moja pale ulipoinyoosha wewe kwa kanda tisini na sita za kwanza, moja pale kwa kisu changu. Nimewaandikia wote walioulizia zile za kwanza, niliowakumbuka. Yule wa kofia ya sufu barua yake imerudi.

Kuijaribu rangi nilijipaka ukucha mmoja. Nikaisahau, nikafika nayo nyumbani. Mama akaushika mkono wangu, akautazama ukucha, akaniuliza kuna nini. Miaka minane hajaniona na rangi. Sikuweza kutunga harusi nyingine. Nimemwambia yote, na kwamba wewe unajua. Hakusema kitu jioni nzima. Leo asubuhi tumekwenda kwa daktari akapewa vidonge, na tuliporudi ameniambia nilete kalamu, karatasi yake iko chini ya hii.

Shemeji yako,
Mama Kanda


Nyumbani, 25 Aprili

Mwanangu,

Anayeandika ni mkwe wangu, maneno ni yangu, na nimemkataza kuyapamba.

Nimeambiwa habari ya skrubu na rangi ya kucha. Nusu yake sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba katika familia hii kila mtu ana kitu alichokifunika, na mimi ndiye niliyeanza. Najua mnataka kuniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Msijisumbue, nimeshajiambia.

Nilikuficha kwa sababu kaka yako alipokwenda ulikaa na mimi miezi mitatu hukucheka. Nilisema sitaki kuiona tena ile sura ikinitazama. Lakini nimefikiri usiku, ile sura si ulikuwa nayo hata huko bohari, ila mimi ndiye nisiyeiona. Basi haikuwa na maana.

Usijilaumu kwa mashine. Ulitaka kutuachia kitu kizima. Na mkwe wangu asijilaumu, ingawa najua atajilaumu, namwona anavyoandika hapa kalamu imesimama. Andika, mama, endelea.

Vidonge nimeanza, ni vichungu. Nimemuuliza daktari miezi mingapi, akasema tangu jana ameacha kukisia.

Miguu ninayo. Jioni ya jana nilipokuwa nimenyamaza sikuwa nimekasirika, nilikuwa natembea. Nilikwenda hadi getini na kurudi mara mbili, ya kwanza nimeshika ukuta, ya pili sikushika. Leo nitakwenda mara tatu. Miaka yote hii ukija unanikuta nimeketi ndani, na wewe ndiye unayeinama kunisalimia. Safari hii nitakuwa nimesimama getini, nikuone unavyokuja kutoka mbali na hivyo viatu.

Usijibu barua hii.

Mama yako